Sauti Mpya Kutoka Ng'ambo ya Ziwa

Mtu akisimama ufukoni pa kisiwa chetu cha Rukuba wakati wa jioni, upepo ukiwa umetulia, husikia mbali sana. Husikia kasia likigonga ubavu wa mtumbwi, husikia michi ikitwanga kinuni, husikia kwaya ikijifunza wimbo wa Jumapili. Sauti hizi tumezizoea hata hatuzisikii tena. Lakini wako watu duniani ambao kazi yao ni kutafuta sauti, kama sisi tutafutavyo samaki. Hao ni watungaji wa muziki. Wala hatusemi watungaji wa nyimbo za karamuni, bali wa muziki mkubwa uandikwao kwa alama, upigwao na mafundi mbele ya watu walioketi kimya. Leo twataka kueleza habari za watungaji wawili wa namna hiyo, watu wa Uganda, ng'ambo ya ziwa hili letu: jinsi walivyotafuta sauti mpya, na mahali walipozipata.

Tunayo sababu ya kueleza habari hizi. Siku hizi mtu akisema kwamba kwaya fulani ina mambo mapya, mara nyingi maana yake ni kwamba imenunua kinanda cha umeme. Hatukilaumu kinanda. Lakini kama upya hununuliwa dukani, basi mtungaji ni yule mwenye fedha, na kijiji maskini hakina la kutunga. Na tutazame kama ndivyo.

Kwanza yafaa tujue kwamba njaa ya sauti mpya iliwapata hata Wazungu wenyewe. Kwa muda wa miaka 300 na zaidi muziki wao ulikuwa umejengwa juu ya ngazi ya sauti saba, ile ambayo waimbaji wetu huijua kwa majina ya do, re, mi, fa, so, la, ti. Ulipoanza mwaka wa 1900 watungaji wengi wa Ulaya waliona kwamba kisima hicho kimetekwa mno. Arnold Schoenberg, mtu wa mji wa Vienna, aliiacha ngazi ile kabisa, na baada ya mwaka wa 1920 akatunga kwa sauti zote 12 za kinanda, asiifanye moja kuwa kubwa kuliko nyingine. Lakini Béla Bartók, Mhungari, alishika njia nyingine. Alichukua mashine ya kunasa sauti, iliyoandika katika mitungi ya nta, akaenda vijijini kwa wakulima, yeye na mwenzake Zoltán Kodály. Waliwaomba wazee waimbe, nao wakaandika. Mwaka wa 1906 walipiga chapa nyimbo 20 walizozikusanya. Katika nyimbo hizo Bartók alisikia ngazi za sauti ambazo walimu wa mjini hawakuzifundisha kamwe, na kutoka humo akatunga muziki ulioonekana mpya kuliko wote. Hata mwaka wa 1913 alivuka bahari akafika Biskra katika nchi ya Algeria, akaandika nyimbo za Waarabu wa huko. Basi, upya wake aliuokota kwa wazee wa shamba.

Sasa turudi ziwani kwetu. Katika nchi ya Buganda, tangu zamani, Kabaka alikuwa na wapigaji wake. Walikuwako wapiga ngoma, wapiga baragumu, wapiga filimbi, wapiga kinubi, na wapiga marimba. Marimba yao moja huitwa amadinda. Ni mbao 12 zilizochongwa, nazo hulazwa juu ya vigogo viwili vya mgomba, zikazuiliwa zisihame kwa vijiti vilivyochomekwa katika vigogo. Wapigaji ni watatu. Wa kwanza na wa pili huketi wakikabiliana, kila mmoja ana fimbo mbili. Wa tatu hukaa mwishoni, naye hazipigi ila zile mbao mbili ndogo zenye sauti ya juu.

Ajabu yake ni hii. Msomaji amepata kuwaona akina mama wawili wakitwanga katika kinu kimoja. Mmoja akiinua mchi, mwenziwe anashusha. Hawagongani, wala kinu hakinyamazi. Ndivyo wafanyavyo wapigaji wawili wa amadinda. Wa kwanza anapiga wimbo wake kwa mwendo ulio sawa, pasipo kusimama. Wa pili anautia wimbo wake katikati, kila pigo likianguka penye nafasi ya mwenziwe. Mapigo yaenda mbio hata mgeni hawezi kuyahesabu. Hapo sikio la msikilizaji lashindwa kumfuata mmoja mmoja. Hukusanya sauti za juu pamoja na kuzifanya wimbo mmoja, na sauti za chini pamoja na kuzifanya wimbo mwingine. Na nyimbo hizo zisikiwazo hakuna mkono hata mmoja unaozipiga! Kila mpigaji apiga nusu yake tu, tena nusu hiyo peke yake haina utamu. Wimbo wenyewe hutokea katikati yao. Watu wawili wakisikiliza pamoja, huenda huyu akasikia wimbo huu, na yule akasikia ule.

Mtaalamu mmoja wa nchi ya Austria, Gerhard Kubik, alifika Uganda mwaka wa 1959, akaketi miguuni pa Evaristo Muyinda, aliyekuwa mpigaji katika jumba la Kabaka, akajifunza kupiga kwa mikono yake mwenyewe. Mwaka wa 1960 aliandika maelezo ya jambo hilo, na wataalamu wa Ulaya wakastaajabu, kwa maana sayansi yao ya muziki haikuwa na jina la kitu hicho. Lakini wapigaji wa Buganda walikuwa wakikijua siku zote.

Jambo la pili ni ngazi yenyewe. Ngazi ya Kizungu ina vipandio saba, wala nafasi zake si sawa: kati ya mi na fa, na kati ya ti na do, nafasi ni nusu tu ya nyingine. Marimba ya Kiganda ina vipandio vitano, na nafasi zake zakaribia kuwa sawa zote. Kwa hiyo mtu akitaka kupiga wimbo wa amadinda kwa kinanda cha kanisa, ataona baadhi ya sauti zaanguka katikati ya kipande na kipande. Kinanda hakinazo. Wengi walisikia hivyo wakasema kwamba Waafrika waimba vibaya, sauti zao si safi. Kumbe walikuwa wakipima kwa pishi la mtu mwingine.

Jambo la tatu ni maneno. Katika Kiswahili twajua kwamba neno barabara, sauti ikikazwa mahali pamoja, ni njia. Ikikazwa mahali pengine, maana yake ni sawasawa. Maneno ya namna hii kwetu ni machache. Lakini katika Kiganda, na katika lugha nyingi za kando ya ziwa, kupanda na kushuka kwa sauti ni sehemu ya neno, na ukilipandisha lile la kushuka, maana huharibika au hupotea. Wamisionari walipokuja walileta tuni za kwao, wakatia maneno ya Kiganda ndani yake. Tuni ilipanda mahali neno lilipotaka kushuka. Mtu aliyezijua nyimbo kwa moyo alielewa, lakini aliyesikia mara ya kwanza alipata taabu. Tena wamisionari wengi wa siku za kwanza waliziogopa ngoma na marimba, kwa kuwa waliziona katika pombe na katika ibada za mizimu. Ngoma ilikubaliwa kuita watu waje kanisani, lakini ilipofika mlangoni ilibaki nje.

Hapo ndipo anapoingia mtungaji wetu wa kwanza, Joseph Kyagambiddwa, Mganda na Mkristo Mkatoliki. Yeye aliijua alama ya Kizungu ya kuandika muziki, na pia aliujua muziki wa nchi yake. Mwaka wa 1955 kitabu chake kilipigwa chapa New York, kwa Kiingereza, nacho chaeleza muziki wa Afrika kutoka chimbuko la Nile. Ndani yake aliandika muziki wa marimba pamoja na kuzieleza kanuni zake. Tufikiri jambo hili lilikuwa kubwa namna gani. Hata siku hizo wengi walinena kwamba muziki wa Mwafrika hauna kanuni, ni kelele na furaha tu. Kyagambiddwa hakubishana nao kwa maneno, aliziandika kanuni.

Kisha akatunga. Mashahidi wa Uganda waliuawa kati ya mwaka wa 1885 na 1887, Wakatoliki na Waprotestanti pamoja, na wengi wao walichomwa moto Namugongo tarehe 3 Juni 1886. Tarehe 18 Oktoba 1964, Papa Paulo wa Sita aliwatangaza wale 22 waliokuwa Wakatoliki kuwa watakatifu. Kyagambiddwa aliwatungia mashahidi hao kazi kubwa ya kuimbwa, nayo ilipigwa chapa Roma mwaka huo huo wa 1964. Ni kazi ya namna ile waliyoitunga Bach na Handel, yaani habari takatifu ielezwayo kwa waimbaji wengi tangu mwanzo hata mwisho. Lakini nyimbo zake zafuata njia za Kiganda. Vijana wale walikufa wakisema Kiganda. Yeye aliona si haki wasifiwe kwa muziki ambao wao wenyewe wasingeutambua.

Hakuwa peke yake. Katika Kamina, nchi ya Kongo, Padre Guido Haazen na vijana wake walikuwa wameimba misa kwa njia za Kikongo mwaka wa 1958, nayo ikasikiwa hata Ulaya. Mtaguso wa Vatikano, tarehe 4 Desemba 1963, ulitangaza kwamba muziki wa mataifa ya misioni upewe heshima yake na nafasi yake katika ibada. Kwa Walutheri wa Bukoba, Bernard Kyamanywa aliandika mwaka wa 1966 wimbo wa Pasaka, Mfurahini, Haleluya, kwa tuni ya Kihaya, na leo waimbwa katika lugha nyingi za dunia. Hivyo pande zote za ziwa watu walikuwa wakiufungua mlango ule ule.

Lakini mwaka huo huo wa 1966 lilitokea jambo la huzuni. Tarehe 24 Mei majeshi ya serikali ya Uganda yalilishambulia jumba la Kabaka pale Mengo. Kabaka Mutesa wa Pili alikimbia nchi, akafa London mwaka wa 1969. Ngoma za kifalme ziliharibiwa, na wapigaji wakatawanyika. Mwaka wa 1967 falme zote zilifutwa kwa sheria, wala hazikurudishwa hata mwaka wa 1993. Kwa miaka 26 hapakuwa na Kabaka wa kupigiwa. Muziki ule ulikuwa ukikaa katika mikono ya watu, wala si katika karatasi. Na mikono ile huzeeka. Kama Kyagambiddwa asingaliandika, kama Klaus Wachsmann wa jumba la makumbusho la Kampala asingalinasa sauti, na kama mzee Muyinda asingalikubali kufundisha wageni na vijana, sehemu kubwa ingalipotea bila mtu kujua ni nini kilichopotea.

Sasa twaja kwa mtungaji wa pili. Justinian Tamusuza alizaliwa Uganda mwaka wa 1951. Alijifunza utungaji kwa Padre Anthony Okelo, aliyetunga misa kwa njia za Kiacholi. Baadaye alikwenda kusoma katika chuo kikuu cha Belfast, kisha Northwestern katika Marekani, akapata shahada ya udaktari wa muziki. Mtu aliyesoma hivyo angaliweza kutunga kama Wazungu watungavyo, na kusifiwa kwa kuiga vema. Yeye alifanya kinyume.

Mwaka wa 1988 alitunga kazi ya fidla nne: mbili ndogo, moja kubwa kidogo, na moja kubwa ya kushikwa katikati ya magoti. Namna hii ya wapigaji wanne ni ya Kizungu hasa. Haydn, Mozart na Beethoven waliitukuza sana. Tamusuza aliipa kazi yake jina la Kiganda, Mu Kkubo Ery'Omusaalaba. Msomaji wa Kiswahili hana haja ya mkalimani kulitambua neno la mwisho: maana yake ni Katika Njia ya Msalaba. Na ndani yake akaitia Buganda. Mafungu mafupi ya sauti yarudiwa na kufungamana, huyu akiingia penye nafasi ya yule, kama amadinda. Nyuzi zadonolewa kwa vidole, zikalia kwa mkato. Na fidla yafaa sana kwa kazi hii, kwa maana haina vipande vilivyofungwa kama kinanda. Kidole cha mpigaji kinaweza kuiweka sauti mahali popote. Zaidi ya hayo, Buganda pana fidla ya kienyeji, endingidi, yenye uzi mmoja, ndugu yake zeze letu. Kwa hiyo fidla za Ulaya zilipotakiwa kusema Kiganda, hazikuwa wageni kabisa.

Wapigaji wanne wa San Francisco waitwao Kronos Quartet waliipiga sehemu yake ya kwanza, Ekitundu Ekisooka, wakaitia katika sahani yao ya mwaka wa 1992 iitwayo Pieces of Africa, pamoja na kazi za watungaji wengine wa Afrika. Katika Marekani sahani hiyo ilishika nafasi ya kwanza katika orodha mbili kwa wakati mmoja, orodha ya muziki mkubwa wa Kizungu na orodha ya muziki wa mataifa mengine. Waliozoea kuviweka vitu hivi viwili katika vyumba mbalimbali waliona ukuta hauna nguvu.

Na György Ligeti, aliyezaliwa mwaka wa 1923 miongoni mwa Wahungari, mmoja wa watungaji wakuu wa Ulaya baada ya vita, alipokuwa mtu wa miaka 60 hivi alisikia muziki wa Afrika ya kati ulionaswa na wataalamu. Mapigo yafungamanayo yakamfungulia njia, naye akayatumia katika kazi zake za piano, ambazo kitabu cha kwanza kilitoka mwaka wa 1985. Basi twaona mzunguko wa ajabu. Mwana wa Afrika aenda Ulaya na kurudi na fidla. Na mzee wa Ulaya, akitafuta sauti mpya, aja kupiga hodi kwa Afrika.

Huenda msomaji akatuuliza, Mwataka tuache nyimbo za vitabu vyetu, turudie ngoma za zamani tu? Sivyo. Tamusuza hakuivunja fidla, wala Kyagambiddwa hakuichoma alama ya Kizungu. Walijifunza vyote viwili, tena kwa bidii ya miaka mingi. Wengine watasema, Ngoma ni kitu cha mizimu. Twajibu kwamba mti hauna dini. Mbao zile zile za amadinda zilizompigia Kabaka zaweza kumsifu Muumba wa miti. Na mwalimu wetu mkuu alisema juu ya mwenye nyumba atoaye akibani mwake vitu vya namna mbili, vipya na vya kale. Hakumsifu atoaye vya namna moja.

Bali neno letu la mwisho ni juu ya pwani hii yetu. Wakurya wanalo litungu, lenye nyuzi 8 na sauti nzito. Wajaluo wa Rorya wanayo nyatiti. Mpigaji wake huimba, hudonoa nyuzi, na kwa pete ya chuma iliyo katika kidole gumba cha mguu hugonga ubao wa chombo, mtu mmoja akifanya kazi ya watatu. Wakerewe na Wahaya wanayo enanga. Ni wazee wangapi katika vijiji vyetu wajuao bado kuvipiga? Na ni vijana wangapi waketio nao? Buganda walikuwa na jumba la mfalme la kuwatunza wapigaji, na hata hivyo siku moja tu ya Mei ilitosha kuwatawanya. Sisi hatuna jumba la namna hiyo. Kwetu wazee hufa mmoja mmoja, kimya kimya, wala hapapigwi bunduki, na hasara ni ile ile.

Siku hizi chombo cha kunasa sauti hakibebwi tena na mpagazi, kama kile cha Bartók. Kimo katika simu ya mfukoni mwa kijana. Basi kijana mwimbaji, kabla hajaenda Musoma kuuliza bei ya kinanda, na aende kwanza kwa babu yake na ile simu. Amsalimu kwa heshima, aketi, amwombe ampigie wimbo mmoja, aunase wote tangu mwanzo hata mwisho. Amwulize jina lake, maana yake, na ulikuwa ukipigwa siku gani. Kisha autunze. Huenda yeye mwenyewe si mtungaji. Lakini Kyagambiddwa alipoandika mwaka wa 1955 hakujua kwamba kule kijijini kulikuwa na mtoto wa miaka minne, aitwaye Tamusuza, ambaye siku moja angeuchukua muziki ule mbali kuliko yeye.